Mwaka wa Maharage Mabichi

Juzi nilisimama mbele ya friji ya duka moja kubwa hapa Tabora mjini nikasahau kilichonipeleka. Nilikuwa nimetumwa sukari na majani ya chai kwa ajili ya msiba wa Mama Kalunde, tuliyemzika siku moja kabla, na gari la msibani lilikuwa linaningoja nje, dereva hajazima hata injini. Lakini mle ndani ya friji, kati ya maziwa ya mtindi na soseji, kulikuwa na trei ndogo za plastiki zilizofunikwa nailoni, na ndani yake maharage ya kula na maganda, ya kijani, marefu, yamelazwa kwa mstari. Tabora hii! Nikafungua mlango wa friji nikaishika trei moja. Binti muuzaji akanisogelea, mtoto wa watu, mpole. "Shikamoo mama. Chukua tu, ni mabichi kabisa hayo, yameingia leo asubuhi." Nikamuuliza, yanapikwaje? Akacheka. "Wengine wala hawahangaiki kupika, mama. Wanakatia kwenye saladi hivyohivyo mabichi." Nikampigia kelele. Mimi, mwanamke mzima wa miaka yangu, nimevaa khanga ya msiba, nilimpigia kelele mtoto wa watu mpaka mlinzi akachungulia mlangoni: "Usimwambie mtu hivyo tena! Yachemshwe! Unanisikia? Yachemshwe mpaka yalainike, yakiwa mabichi yana sumu!" Akaniambia, "Sawa mama," kwa ile sauti ambayo vijana wanatupa sisi wazee wakituona tumeanza kuchanganyikiwa. Simlaumu. Hakujua kwamba neno lile, mabichi, alilolitamka mara mbili kwa tabasamu liliwahi kunifanya niitwe muuaji katika mji huuhuu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikotoka na nani alinizaa tuyaache, hayahusiki. Mwaka ule niliingia kwenye jiko la hosteli ya wageni ya kanisa, upande wa Kitete, kwa majaribio ya mwaka mmoja: nikifaa niajiriwe, nisipofaa nirudi kijijini. Jiko lenyewe lilikuwa chumba kirefu chenye mafiga mawili makubwa ya matofali, ukuta mmoja mweusi kwa moshi hadi darini, na dirisha lisilo na kioo lililotazama barabara. Kupitia dirisha hilo niliijua dunia. Wageni walifika wamechoka na wana njaa, wachungaji, walimu, mabibi wa afya, wauza pamba wa Igunga, na Mama Kalunde alipenda kusema kwamba mji huu umelisha wapita njia tangu enzi za misafara, watu wakitoka pwani kwa miguu kwenda Ujiji, na kwamba mgeni akiumwa tumbo Tabora ni aibu ya Tabora nzima. Mama Kalunde ndiye alikuwa mkuu wa hosteli. Mwanamke mrefu, mwenye haraka, aliyeongea huku akiwa amekwishageuka kwenda kwingine, hivyo nusu ya maagizo yake tuliyasikia kutoka mgongoni. Mpishi mkuu alikuwa Mzee Mihayo, mkimya, mwenye mikono mizuri kuliko mpishi yeyote niliyewahi kufanya naye kazi, na hilo nitalisema hata leo ingawa mtaona nina sababu ya kutolisema.

Nilimpenda Mama Kalunde kwa woga. Nilijifunza kuosha mchele kwa kumwangalia yeye, nilitembea kwa haraka kama yeye, hata kilemba nilikifunga kama chake mpaka Mzee Mihayo akanitania, "Naona tuna wakuu wawili humu." Sasa mwanzoni mwa mwaka ule Mama Kalunde aliugua homa ndefu, na ilipomtoka ilimwacha hana hamu ya chakula. Sahani zake zilirudi jikoni kama zilivyokwenda. Siku moja alisimama mlangoni, akasema, "Felista, unajua nina hamu na nini? Maharage yale ya kula na ganda lake. Tulikuwa tukila misheni nilipokuwa mtoto, yana ladha ya majani na siagi. Ukiyaona sokoni niletee." Akaondoka. Lilikuwa jambo dogo, nadhani hata yeye alilisahau kabla ya kufika mwisho wa ukumbi. Mimi sikulisahau.

Nilizunguka soko la Tabora miezi miwili nikitafuta maharage hayo, na nilichekwa kila meza. Hapa kwetu ukisema maharage mabichi muuzaji anakupimia yale yaliyomenywa, punje nono ambazo hazijakauka, na ganda anamtupia mbuzi. "Ya kula na ganda? Kwani mwenzetu unafuga ndama?" aliniuliza mama mmoja, na wenzake wakashika mbavu. Mwingine aliniitia jirani yake: "Njoo umwone binti wa hosteli, wageni wao siku hizi wanalishwa pumba!" Mara mbili tatu nilipata vifungu vya maharage machanga kutoka bustani za watu, lakini yalikuwa yamelala juani tangu asubuhi. Mama Kalunde mwenyewe alinifundisha kipimo: unalishika ganda kwa vidole viwili na kulikunja, likikatika kwa sauti, pa, ni zuri, likijikunja tu bila kukatika, mrudishie mwenyewe. Yangu yote yalijikunja. Nilipoyapika yalitoa nyuzi za kukwama kwenye meno, na mama akala vijiko viwili kwa adabu, akasema, "Asante mwanangu, umejitahidi." Nilikwenda stoo nikalia kwa hasira. Leo mtu anayakuta kwenye friji yamefungwa nailoni, anayapita akitafuta soseji.

Nikayapata Ipole, na sikuwa nimeyafuata. Nilikuwa nimetumwa huko asali ya hosteli, nikapanda lori la tumbaku linalorudi tupu, nikafika kwa mfugaji nyuki mmoja ambaye kanisa lilinunua kwake. Mwenyewe alikuwa porini kwenye mizinga, nikapokelewa na mkewe, Mama Sitta. "Mwangaluka, mayo," alinisalimu, na mimi nikaitikia kwa Kinyamwezi huku macho yangu yako kwenye uzio wake. Uzio wote ulikuwa umefunikwa na mmea unaotambaa, maua mekundu kama moto, nyuki wamejaa wanavuma, na chini ya maua yananing'inia maganda marefu mapana, marefu kuliko mkono wangu toka kiganja hadi karibu na kiwiko. Nikalishika moja. Lilikwaruza vidole, lina vinywele. Nikalikunja likakatika, pa! Nilipiga kelele ya furaha mpaka kuku wakakimbia. "Mama, haya mnayala?" Mama Sitta akanitazama kama niliyemuuliza kama wanakula ufagio. "Tule? Hayo maua ya nyuki. Mzee wangu alipewa mbegu na wamisheni zamani, nyuki wapate pa kushughulika. Hebu tazama mbegu zake kwanza." Akapasua ganda moja kubwa, akanionyesha punje za zambarau zenye mabaka meusi. Kwa kweli zilitisha kidogo. Nikamuuliza kama yana madhara. "Sijui," alisema. "Mbuzi anakula." Akanijazia kikapu kizima bure, huku akicheka, akiniambia nikifa nisimtaje.

Utani huo niliurudia kwa sauti kubwa nilipofika jikoni kwetu, watu wote wakausikia. Ndivyo nilivyokuwa mjinga. Ilikuwa asubuhi ya siku ya pili, wageni wengi, mikutano ya kanisa imeanza, na Mama Kalunde alipitia mlangoni mara moja tu. Alikiona kikapu. Sura yake yote ilibadilika, nikaona alivyokuwa alipokuwa msichana. Alichukua ganda, akalikunja, likakatika, akacheka peke yake. Kisha mtu akamwita kutoka ukumbini, akageuka, na kutoka mgongoni akasema: "Felista, hayo nayataka mchana huu, nayataka mabichi. Usije ukaniharibia!" Akaenda. Nikabaki nimesimama. Nyinyi mnaosoma mmetulia kwenye viti vyenu mnaona kabisa alichotaka kusema: yapikwe leo yakiwa hayajanyauka, yasichemshwe mpaka yawe uji. Mimi nyumbani nilisema Kinyamwezi na Kiswahili nilikipata shuleni, na Kiswahili chetu hiki kizuri kina neno moja tu kwa kitu kilichochumwa leo na kitu ambacho hakijaona moto. Nilimgeukia Mzee Mihayo aliyekuwa anasonga ugali wa wageni. "Mzee, mama amesema mabichi. Mabichi mabichi?" Bila kuinua kichwa akajibu: "Kama amesema mabichi, mpe mabichi. Unabishana na mwenye nyumba?" Basi nikayaosha, nikayakata membamba kwa ustadi, pamoja na punje zake za zambarau, nikatia nyanya, kitunguu, ndimu na chumvi. Nikatengeneza kachumbari. Nilijivunia sana kachumbari ile. Nilichagua bakuli la udongo lenye ua ili lipendeze.

Mama alikula bakuli karibu lote. Baadaye alieleza kwamba alipoliona alishangaa, lakini meza ilikuwa imejaa watu na alijua nilivyohangaika, akaona aibu kunirudisha jikoni mbele za wageni. Aliyekuwa amekaa pembeni yake, mwinjilisti mmoja wa Igunga, alijipakulia vijiko viwili kwa udadisi. Saa tisa mchana nilikuwa nasugua sufuria niliposikia kiti kinaanguka ukumbini, kisha sauti ya mtu anatapika, kisha watu wengi wanapiga kelele pamoja. Nilimkuta Mama Kalunde amepiga magoti sakafuni, yule mwanamke mrefu, anatapika kwa namna ambayo sijawahi kuona mtu akitapika, mpaka hakuna kitu tena na bado mwili unamkunja. Jasho lilimtiririka na midomo imekuwa ya kijivu. Mwinjilisti naye alikuwa ameshika tumbo ukutani. Nikakimbilia kumshika mama, na mwinjilisti akanyoosha mkono akanizuia. "Usimguse!" alisema. "Binti, umetulisha nini?" Kila mtu ukumbini akanigeukia. Ndipo nilipotambua kwamba sijui nimewalisha nini.

Walimbeba wakampeleka hospitali, na hosteli ikabaki na minong'ono. Siku tatu zile nilizikaa stoo, kati ya magunia ya mchele na madebe ya mafuta, kwa sababu hakuna aliyenitaka jikoni. Ukuta wa stoo ulikuwa mwembamba na baraza lilikuwa upande wa pili, hivyo nilisikia kila kitu wazee wa kanisa walichosema. "Yeye mwenyewe hakula, mmelifikiria hilo?" Sikula kwa sababu sisi wa jikoni tulikula baada ya wageni, dagaa na ugali, kila siku, na wote walijua. "Ametoka navyo Ipole. Na alirudi anacheka anasema mtu akifa asitajwe aliyempa." Hata utani ulikuwa umekwishageuzwa. Kisha wakaletewa mabaki ya kikapu, nikasikia gazeti linafunuliwa mezani. "Haya ni maharage?" "Maharage gani yana vinywele?" Mtu akapasua ganda, kisha sauti ya mzee mmoja, ya chini kabisa: "Mungu wangu. Tazameni rangi." Nilitaka kutoka niwaambie kwamba ni maua ya nyuki, lakini nilielewa kwamba hilo lingezidisha. Ndipo wakamwita Mzee Mihayo. Nilishusha pumzi. Nilijua sasa yamekwisha, atasema nilimuuliza. "Mzee, huyu binti alikushirikisha?" Sufuria ililia mahali, kisha sauti yake: "Mimi? Mimi nilikuwa nasonga ugali. Sijui alichokuwa anafanya." Nilikaa chini juu ya gunia. Hakuna tusi wala kofi lililonishtua mwaka ule kama sentensi hiyo. Nimekwishazeeka na nimewaongoza wapishi wengi, na sasa najua hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na miaka thelathini jikoni mle na aliogopa kuondoka na jina la sumu. Lakini nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilidhani mtu aliyekufundisha kukaanga kitunguu hawezi kukufanyia hivyo.

Jambo lililokuwa mbele yangu halikuwa kazi tena. Msichana akirudishwa kijijini kwa sababu amevunja vyombo, watu wanacheka na kusahau. Akirudishwa kwa sababu amelisha mtu kitu, basi hatapika msibani, hatapika harusini, hataolewa na watu wanaomjua, na maji yake hayatanywewa. Nilimwona mwanamke wa namna hiyo kijijini, akipita njiani watoto wanaitwa ndani. Nilikuwa namfikiria yeye asubuhi ya siku ya nne nilipogongewa mlango wa stoo. Mzee wa kanisa alikuwa amesimama na sura ya mtu aliyelazimishwa. "Mama hali chakula," alisema. "Ya hospitali anakataa, ya ndugu zake anakataa. Anasema anataka uji wako." Akageuza uso pembeni. "Tumemkanya. Anasema wako."

Nilipika uji wa mtama na asali ya Ipole ileile, mzee amesimama juu ya bega langu akihesabu kila kilichoingia sufuriani. Nikautia kwenye themosi tukatembea kwa miguu mpaka hospitali, yeye mbele, mimi nyuma, mwinjilisti nyuma yangu, ili nisikimbie nadhani. Wodi ilikuwa imejaa, vitanda vimesongamana, na kila mgonjwa alikuwa na ndugu, na habari zilikuwa zimefika kabla yetu. Mama Kalunde alikuwa amekaa ameegemea mto, amekonda siku nne tu, mishipa ya shingo inaonekana. Nikapiga goti nikamwamkia, akaitikia kwa macho. Nikamimina uji kwenye kikombe, mvuke ukapanda, na kifuniko kikaniponyoka, kikaanguka sakafuni kikabiringika chini ya kitanda cha jirani. Hakuna aliyekiokota.

"Onja kwanza," mzee akasema.

Sote tulijua maana yake. Kwetu mlaji akikushuku, au mpishi akitaka kumtoa mgeni wasiwasi, mpishi anaonja kwanza mbele ya watu kuondoa ubaya, na wakati mwingine ni heshima tu, hata mwenye pombe anafanya. Lakini ikiwa umeamriwa, mbele ya wodi nzima, si heshima. Hata hivyo nilifurahi. Nakumbuka vizuri nilivyofurahi, nilidhani hiyo ndiyo nafasi yangu. Ningekunywa themosi nzima kama wangeniruhusu. Nikachota kijiko, nikakiinua mdomoni.

Mkono wa Mama Kalunde ukanishika kifundo cha mkono. Sikujua alikuwa na nguvu bado. Uji ukamwagika kwenye shuka.

"Usionje," alisema.

"Mama, ni kwa usalama wako," mwinjilisti akaanza.

"Nimesema asionje." Hakuwatazama, alinitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na haraka ya kwenda popote. "Ukionja, Felista, utakuwa umekubali. Leo utaonja hapa, kesho utaonja jikoni, na kila sahani utakayoitoa maisha yako yote mtu atakwambia onja. Sikubali." Kisha akawageukia wale wawili, akasema kwa sauti ya kufika vitanda vya mwisho: "Nilimwambia mabichi. Neno lilitoka kwenye mdomo wangu mimi, nikiwa nakimbia, na mtoto akafanya nilivyosema. Mwenye swali aniulize mimi."

Mama akanyoosha mikono miwili, akachukua kikombe kutoka kwangu, akanywa. Hakupuliza wala hakunywa kidogo kidogo; alikunywa mfululizo, uji wa moto, koo lake likipanda na kushuka, machozi ya moto yakimtoka, na wodi nzima inamtazama. Mimi nilikuwa nimepiga goti bado, nikiogopa kwamba labda kweli nina kitu kibaya mikononi mwangu nisichokijua na atakufa pale pale mbele yangu. Alimaliza. Akajifuta mdomo kwa kiganja, akanipa kikombe kitupu.

"Ongeza," akasema.